Mjomba msaliti hakumshtua mtu, muuza kahawa aliwashtua wote: kwa nini?

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza gemu ndogo ya RPG, yaani ya kuigiza mhusika ndani ya kisa, ya Kiswahili, kwa kutumia programu ya RPG Maker. Niko peke yangu, nafanya usiku baada ya kazi. Kisa chake ni kijana anayerudi kwenye mji wa pwani kutafuta nani aliliuza jahazi la marehemu babu yake. Nimeshaandika mistari ya mazungumzo kama 600. Mshtuko mkubwa niliopanga ni kwamba mjomba anayemsaidia tangu mwanzo ndiye aliyeliuza, na siri hiyo niliificha kwa nguvu zote. Watu saba wameijaribu gemu. Walipofika hapo walisema 'aa, sawa', wakaendelea kubonyeza. Lakini kuna mstari mmoja niliouandika kwa kujifurahisha tu. Mwanzoni, ukipita uani kwa Bi Mwanaidi unaweza kuchuma maembe, hakuna anayekukataza. Baadaye sana ukienda kwa muuza kahawa, kama ulichuma, anakwambia: 'Kahawa nakupa. Kashata sikupi, tumboni mna maembe ya watu.' Watano waliochuma walipiga kelele, mmoja aliinuka kabisa kwenye kiti. Hadi leo wananitania kwa mstari huo. Nimekosea wapi? Nimfute mjomba? Na nitaandikaje mistari mingine kama ule bila kuwa na matawi elfu ya kisa ambayo siwezi kuyamaliza?"

Marahaba, na hongera. Mistari 600 iliyoandikwa usiku baada ya kazi ni jasho la kweli, na watu saba waliokubali kukaa chini waicheze ni neema. Nitakujibu kwa kutoa mifano, na mifano hiyo itafichua mambo ya ndani ya Chrono Trigger, EarthBound, Undertale na Knights of the Old Republic. Kama hujazicheza na ungependa kuziingia ukiwa hujui kitu, zicheze kwanza, kisha urudi.

Kama nimekuelewa, mjomba si hofu yako kubwa. Kinachokusumbua ni kwamba kitu ulichokitolea jasho kimeanguka, kitu ulichokiandika kwa dakika mbili kimesimama, na hujui kwa nini, kwa hiyo hujui utakirudiaje kwa makusudi. Hilo linaelezeka. Na ukishalielewa utaona kuwa mstari wa maembe haukuwa bahati hata kidogo.

Karibu kila anayeanza kuandikia gemu huamini kwamba mshangao ni siri iliyofichwa vizuri. Anaificha, anaifunika tena, akitumaini kwamba kadiri inavyofichika ndivyo itakavyopasuka kwa kishindo. Kwa msikilizaji wa hadithi, aliyekaa mkekani na masikio yake tu, hilo linaweza kutosha. Mchezaji wa gemu hakukaa mkekani. Ameshika padi ya kuchezea, ana mkono wake ndani ya kisa. Kusikia kwamba mjomba aliuza jahazi ni kupata habari za mjomba. Kusikia kwamba muuza kahawa anajua habari za maembe ni kupata habari zake mwenyewe, za jambo alilolifanya kwa kidole chake akidhani hakuna anayehesabu. Wale watano walipiga kelele kwa sababu walikamatwa.

Bila kujua, umepita njia waliyopita watengenezaji wa Chrono Trigger mwaka 1995, enzi za Super Nintendo. Gemu ile inaanza kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka elfu moja ya ufalme wa Guardia. Unaranda tu. Unagongana na msichana anayeitwa Marle, naye anadondosha kidani chake. Mahali fulani kuna chakula cha mzee mmoja kimewekwa mezani, ukibonyeza unakila. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Marle anasimama kuchagua peremende, nawe unaweza kumsubiri au kumhimiza muondoke. Kuna mfanyabiashara anayetaka kukinunua kidani cha Marle kupitia kwako. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kuwa na uzito. Na wachezaji wa miaka ile walikuwa wameshazoeshwa na gemu nyingine kwamba ukikikuta kitu mezani, basi ni chako.

Saa kadhaa baadaye, baada ya kusafiri katika nyakati na kurudi, unakamatwa kwa shtaka la kumteka nyara binti mfalme, maana Marle kumbe ndiye binti mfalme. Unasimamishwa mahakamani. Mwendesha mashtaka anataka kujua wewe ni mtu wa tabia gani, na hapo ndipo mwili unapoingia baridi: anatajwa yule mzee aliyeliwa chakula chake. Anatajwa yule mtoto na paka wake. Inakumbukwa kama ulimwendea msichana kwanza au ulikimbilia kidani kwanza. Kisha wazee wa baraza wanaingia mmoja baada ya mwingine kusimama upande wa hatia au upande wa pili, nawe unahesabu kila mmoja anavyoingia.

Sasa litazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo jibu la swali lako la mwisho. Hukumu ile haibadilishi njia ya kisa. Ukionekana na hatia unatupwa gerezani kungoja kuuawa. Usipoonekana na hatia unapelekwa gerezani kwa siku tatu, na bado unajikuta unangoja kuuawa. Matawi yote yanarudi kwenye shina lilelile. Kilichobadilika ni mistari michache tu ya mazungumzo, na hata hivyo watu waliocheza wakiwa watoto bado wanaisimulia kesi hiyo leo, wakiwa na watoto wao.

Basi tuufungue mstari wako, tuone umejengwaje.

Kwanza, kitendo hakikutangazwa. Bi Mwanaidi hakuweka kibao "Usichume". Angeweka, uani pale pangekuwa chumba cha mtihani, na mchezaji angejua anapimwa. Kuna gemu zinazotangaza makusudi: The Walking Dead ya mwaka 2012 iliandika kwenye skrini kwamba Clementine, msichana unayemlinda, atalikumbuka hilo. Ule ni ufundi wa aina nyingine. Unatia uzito kwenye uamuzi palepale, lakini mshtuko wa baadaye unakuwa umeshalipwa kabla ya siku yake.

Pili, umempa mchezaji muda wa kusahau. Angekaripiwa hatua tatu baada ya kuchuma, angeona ni kanuni ya gemu tu: bonyeza hapa, sikia pale. Umbali ndio ulioyafanya maembe yawe kumbukumbu.

Tatu, na hapa ndipo ulipofanya vizuri kuliko unavyodhani, shahidi wako hakuwa Bi Mwanaidi. Mwenye mali akilalamika, hayo ni ya kila siku. Muuza kahawa akijua, mchezaji anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba watu wa mji huu huongea yeye akiwa hayupo. Bi Mwanaidi alimwambia mtu, mtu yule akaenda barazani, na kikombe cha kahawa kikasikia. Hukuandika hata mstari mmoja wa mazungumzo hayo, lakini yote yamo. Kwa sentensi mbili umeujaza mji watu.

Nne ni maneno yenyewe. "Kahawa nakupa. Kashata sikupi." Anatoa, kisha ananyima, na anachonyima ni kitu kidogo kinacholingana na kosa. "Tumboni mna", wala si "umekula": hamshtaki kwa kitendo, anataja ushahidi na mahali ulipo, kama askari aliyefungua ghala. Na "maembe ya watu". Si ya Bi Mwanaidi, ni ya watu. Hiyo ni kauli tuliyoambiwa sote tukiwa wadogo na mkono uko ndani ya kitu kisicho chetu. Mchezaji mwenye miaka thelathini anarudishwa utotoni kwa neno moja. Usiubadilishe mstari huo hata kwa nukta.

Hapo kwenye kipimo cha adhabu nikuongezee kitu. The Legend of Zelda: Link's Awakening ya mwaka 1993 inakuruhusu kuiba dukani. Ukifanikiwa kutoka na mali, jina lako linafutwa na kuanzia hapo watu wa kisiwani wanakuita mwizi, na ukirudi dukani mwenye duka anakuua. Hakuna aliyesahau. Lakini mshangao wa namna hiyo una gharama: mchezaji aliyejaribu tu kuona itakuwaje anabeba jina hilo hadi mwisho. Gemu moja inaweza kuvumilia kitu kama hicho mara moja. Kunyimwa kashata kunaweza kutumika mara kumi na bado watu wakacheka.

Tuje kwa mjomba. Usimfute.

Mjomba alianguka kwa sababu mbili. Moja ni kwamba ulimficha mno. Mshtuko usio na dalili nyuma yake mchezaji hana pa kuushikilia, anauona kama umebandikwa. Knights of the Old Republic, gemu ya ulimwengu wa Star Wars iliyotengenezwa na BioWare mwaka 2003, ina mojawapo ya mazungumzo yanayokumbukwa zaidi katika historia ya RPG: Darth Malak anakwambia kwamba wewe mwenyewe ndiye Revan, bwana wake wa zamani aliyedhaniwa kufa, na kwamba Baraza la Jedi, mashujaa wa ulimwengu huo, lilikufuta kumbukumbu. Haikufichwa kwa nguvu zote. Tangu mapema unaona maono ya Revan na Malak. Wakuu wa Jedi wanakutazama kwa wasiwasi usioelezwa. Unajifunza kwa muda mfupi yale ambayo wengine huchukua miaka. Siri inapofunuliwa, gemu inakurudishia vipande vya mazungumzo hayo, nawe unajiuliza hukuonaje. Sababu ya pili ni ileile ya maembe. Ufunuo ule haumhusu Malak, unakuhusu wewe.

Kwa hiyo mfanye mjomba akuhusu. Pendekezo langu, nawe utalipima: mapema kabisa, mjomba ampe mchezaji bahasha apeleke bandarini. Kazi ya kawaida, gemu zimejaa kazi za namna hiyo, hakuna atakayeishuku. Mchezaji aweze kuifungua njiani au asiifungue. Kisha siku ya ufunuo, mjomba asitoe hotuba. Hotuba ndiyo inayowafanya watu wabonyeze haraka. Aseme tu: "Hati ya mauzo uliipeleka mwenyewe." Na kwa yule aliyeifungua bahasha akaona karatasi yenye mhuri asiielewe: "Uliisoma. Ukaifunga tena. Ukaipeleka." Hapo sasa jahazi la babu limeuzwa na watu wawili, na mmoja wao ameshika padi.

Hofu yako ya matawi elfu ni halali, miradi mingi ya watu wanaofanya kazi peke yao hufia hapo. Lakini inatokana na kuchanganya vitu viwili: kisa kinachogawanyika na mazungumzo yanayokumbuka. Kisa kikigawanyika kila uamuzi unazaa njia mpya, na njia hiyo inazaa nyingine. Mazungumzo yanayokumbuka hayazai njia. Kila kumbukumbu ni swichi moja, imewashwa au haijawashwa, na kila swichi inahitaji mstari mmoja au miwili mahali fulani mbele. Kwa gemu ya ukubwa wako ningechagua vitendo kumi na viwili, kila kimoja na shahidi wake, basi. Hiyo ni mistari kama ishirini juu ya 600 uliyonayo.

Kwenye RPG Maker chombo unacho tayari. Tukio moja, kama muuza kahawa wako, lina kurasa kadhaa, na programu inaanza kukagua kutoka ukurasa wenye namba kubwa kuja chini, inatumia wa kwanza ambao masharti yake yametimia. Maana yake ukurasa wa kawaida wa muuza kahawa uwe wa kwanza, na wenye sharti maalumu uwe na namba kubwa zaidi. Mstari ukishasemwa, washa swichi ya tukio lenyewe, na uwe na ukurasa wa mwisho wenye sharti la swichi hiyo, ili usirudiwe. Mstari wa mshangao unaosikika mara ya pili unageuka kuwa kengele ya mlangoni. Wakubwa nao wanatumia wazo hilohilo. Elan Ruskin wa kampuni ya Valve alilieleza mwaka 2012 kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, akizungumzia gemu ya Left 4 Dead: kila mstari una orodha ya masharti, na unaoshinda ni ule wenye masharti mengi zaidi yaliyotimia, yaani ule unaoijua hali ya mchezaji kwa undani zaidi. Hades ya mwaka 2020 ina zaidi ya mistari 20,000 iliyorekodiwa kwa sauti, na kila ukifa na kurudi nyumbani, mhusika aitwaye Hypnos anakupokea mlangoni akizungumzia kilichokuua. Wewe huhitaji 20,000. Unahitaji ishirini iliyokaa mahali pake.

Jihadhari na kosa moja la kiufundi, nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Katika gemu moja niliyoiandikia, swichi mbili zilipewa namba moja, na mhusika akawa anawashutumu wachezaji kwa wizi ambao hawakuufanya. Mstari ulikuwa mzuri. Lakini mchezaji aliyesingiziwa haamini tena neno lolote la gemu hiyo, anaona nyuma ya ukuta kuna mashine, na mashine yenyewe ni mbovu. Shutuma ya uongo ni mbaya kuliko ukimya. Kwa hiyo zipe swichi majina yanayoeleweka, na kwa maembe tumia kigeu kinachohesabu badala ya swichi tupu. Aliyechuma moja huenda kidole kiliteleza, msamehe. Aliyechuma matatu alikusudia.

Utakutana na kishawishi cha kwenda mbali zaidi, kumgusa mchezaji mwenyewe nje ya kisa, kwa hiyo nikupe maoni yangu mapema. EarthBound, iliyoandikwa na Shigesato Itoi na kutoka Japani mwaka 1994, inakuuliza jina lako wewe uliyeshika padi, si la mhusika. Unaliandika na kulisahau. Saa nyingi baadaye, katika pambano la mwisho, Paula, mmoja wa mashujaa, anaomba dua, anaomba tena, watu mbalimbali wa safari yenu wanaisikia, na dua inapokuwa haina tena pa kwenda, jina linalotokea ni lako. Undertale ya mwaka 2015, ambayo Toby Fox aliitengeneza sehemu kubwa peke yake kwa GameMaker, inafanya jambo kali zaidi. Ukimuua Toriel, mhusika anayekulea mwanzoni, ukajuta, ukafungua sevu ya zamani, yaani mchezo uliouhifadhi awali, na safari hii ukamwacha hai, ua linaloitwa Flowey linakwambia kwamba linajua ulichofanya: ulimuua, kisha ukarudi nyuma kwa kujuta. Inawezekana kwa sababu gemu inaandika baadhi ya kumbukumbu kwenye faili tofauti na lile la sevu, faili ambalo kurudi nyuma hakulifuti. Kwenye RPG Maker swichi za kawaida hurudi nyuma pamoja na sevu, kwa hiyo ungehitaji mistari michache ya JavaScript au programu-jalizi.

Je, ufanye hivyo? Kwa gemu yako ningesema hapana. Kifaa hicho ni kikali, kinamvua mchezaji kinga yake ya mwisho, na Undertale imejengwa yote kuzunguka swali la kuua na kusamehe, ndiyo maana kinaingia. Kisa cha jahazi na mjomba ni kisa cha mji unaoongea. Mji hautakiwi kujua kwamba kuna sevu.

Wewe una kifaa ambacho Toby Fox na Itoi hawakuwa nacho, nacho ni Kiswahili chenyewe. Nimekuwa nikitamani mtu akitumie, niruhusu nikae hapa kidogo.

Chukua mzee aliyekaa barazani. Mchezaji anamkaribia, inatokea orodha ya chaguo: "Shikamoo babu" na "Njia ya bandarini ni ipi?" Mchezaji aliyezoea gemu za kigeni anajua salamu ni mapambo, atakwenda moja kwa moja kwenye swali. Mzee anamtazama. Kisha anasema:

"Marahaba."

Basi. Hakuna maelezo, hakuna kibao. Kila aliyelelewa na Kiswahili cha pwani au cha Tanzania bara atasikia joto masikioni, kwa sababu alishajibiwa hivyo na mzee wa kweli, salamu ambayo hakuitoa. Ni neno moja, na limefanya kazi ya kesi nzima ya Guardia. Tahadhari moja: mchezaji wa Nairobi au Lubumbashi, ambako shikamoo haitumiki sana kila siku, huenda lisimchome vilevile. Kama unawataka nao, mzee huyo asiwe shahidi wako pekee.

Kisha kuna upatanisho wa ngeli. Katika gemu nyingi kuna sanduku ambalo kumbe ni mnyama anayemeza watu. Mwandishi anatafuta pa kudokeza bila kusema. Wewe unapo. Mlinzi wa ghala amwambie mchezaji: "Meza hiyo usiiguse. Mtungi huo usiuguse. Na sanduku lile usimguse." Herufi moja tu, "m" badala ya "li". Wengi watapita. Atakayesimama na kusoma tena atahisi nywele zikisimama, na aliyepita akamezwa atarudi kwa mlinzi, asome, na kukuta kwamba aliambiwa ukweli mtupu. Angalia jinsi vile viwili vya mwanzo vinavyofanya kazi: bila "usiiguse" na "usiuguse" mbele yake, msomaji angedhani "usimguse" ni kosa lako la uchapaji. Mlinzi lazima athibitishe kwanza kwamba anaijua lugha.

Na kuna "a-" yetu isiyosema kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Nahodha aliyelinunua jahazi anaweza kuzungumziwa kwa saa tatu, alikuja, akalipa, akaondoka usiku, na kila mchezaji atamchora kichwani mwanamume mwenye ndevu bila wewe kusema uongo hata mara moja. Gemu ni yako, sitaki kukuandikia. Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili nilijiuliza Bi Mwanaidi anaishi kwa kazi gani. Kama ndiye nahodha, mchezaji siku moja atapanda jahazini na kumkuta mwenye maembe, na sentensi ya kwanza atakayoambiwa haihitaji kuhusu jahazi kabisa: "Ungeniomba ningekupa."

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia, hapo tafuta mtu ana kwa ana. La kwanza ni kukaa karibu na mchezaji. Usiwaulize wale saba wameonaje, watakuonea haya. Keti pembeni, nyamaza kabisa, tazama kidole gumba. Mahali kinapoongeza kasi ya kubonyeza, mistari yako ni mirefu. Mahali kinaposita, andika namba ya mstari. La pili ni sauti: mpe mtu mwingine ausome mstari mbele yako, na bora awe mtu wa maigizo. Mstari anaoukwaa mara mbili una tatizo ambalo jicho lako limelizoea. Ukitaka mhusika aseme Kiamu au Kipemba, usikisie kutoka kwenye kamusi, kaa na msemaji wa huko mkiwa na kikombe mkononi. Swichi zikifika mahali huwezi kuzifuata kwenye karatasi moja, au sevu za zamani zikaanza kuvunjika ukiongeza kitu, mlete mtu wa programu aketi nawe kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa sababu maelezo ya barua pepe hayatatosha. Na ikiwa mshangao wowote utagusa jeraha la kweli, kufiwa na mtoto, kupigwa, kudhalilishwa, mwonyeshe kwanza mtu anayewahudumia watu wa aina hiyo. Kumshtua mtu na kumuumiza ni vitu vinavyokaa jirani.

Nimebakiza wale wawili kati ya saba. Umeniambia watano walichuma, kwa hiyo wawili walipita uani, wakaona maembe, wakayaacha. Gemu yako haikuwaambia kitu. Walipata kahawa na kashata kama kila mtu, na huenda walipoona wenzao wakipiga kelele walidhani wamekosa jambo kwa kuwa waungwana. Kwenye Chrono Trigger yule mtoto aliyepotelewa na paka naye aliitwa mahakamani, amtetee aliyemsaidia. Ongeza ukurasa mmoja kwenye tukio la muuza kahawa, wenye sharti kwamba mchezaji aliingia uani, ndani yake uhakikishe kwamba kigeu cha maembe bado ni sifuri, na aseme: "Umepita kwa Bi Mwanaidi, maembe yamebaki mtini. Chukua kashata mbili." Kisha waite wale wawili wacheze tena tangu mwanzo, bila kuwaambia umebadilisha nini.